Unene wa Ubao

Kuishi na mtu anayenyoosha kila kitu ni kazi, na mke wa Timazi angekuwa wa kwanza kukuambia. Siku Timazi alipopelekwa kwa wakwe kujitambulisha, baba wa binti hajamaliza hata kukohoa, yeye aliinuka kitini, akaenda ukutani, akaisogeza picha iliyokuwa imekaa upande, kisha akarudi kuketi kama hakuna lililotokea. Mashangazi wakatazamana. Binti aliyekuwa akichungulia kwenye upenyo wa mlango alicheka mpaka akashika mbavu, na miaka ishirini baadaye bado alikuwa akisema kwamba yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na pima maji.

Jina la Timazi alipewa karakanani, kwa ile kamba yenye kipande cha risasi ambayo fundi huining'iniza kujua kama kitu kimesimama wima. Alikuwa fundi wa mashua ndogo za mbao, za tanga, futi ishirini na mbili kutoka mbele hadi nyuma. Kazi aliirithi kwa baba yake pamoja na karakana yenyewe, banda refu la mabati lenye sakafu ya udongo iliyoshindiliwa, randa zikiwa zimepangwa rafuni kwa ukubwa, misumeno ikining'inia kwa urefu. Ubao ukizidi mwenzake kwa unene wa ukucha, aliung'oa. Hakuwa hivyo kwa mbao peke yake. Ukimwuliza kama nguo yako mpya imekukaa vizuri, alikuambia, na ulijuta kuuliza. Watu walipogombania mpaka wa kiwanja walimwita yeye, kwa sababu akishasema Timazi, maneno yamekwisha.

Heshima ya namna hiyo ni tamu, lakini ina uzito wake. Mtu akishazoea kuaminiwa, huacha kujikagua.

Alikuwa na mdogo wake, wa tumbo moja, ambaye watu walimwita Kicheko. Huyu hakupenda randa wala patasi. Yeye alipenda kuvipanda vile ambavyo wenzake wamevijenga. Alivusha watu kwenda ng'ambo na kurudi, na abiria walimpenda kwa sababu ya maneno yake. Aliwahi kumwambia bibi mmoja aliyeogopa maji kwamba asihofu, samaki wa huku hawali watu wenye madeni, wanaogopa kuyarithi. Mashua yake alijengewa na kaka yake. Ilikuwa ya kwanza kutoka mikononi mwa Timazi baada ya baba yao kupigwa na kiharusi, na siku iliposhushwa majini Timazi alisimama ufukoni akiitazama kama mtu anayemtazama mwanawe wa kwanza akitembea.

Haikupita miezi mitatu, Kicheko akaja karakanani. Safari hiyo hakuja na mzaha.

"Kaka, ile mashua inalala upesi."

"Inalala vipi?"

"Upepo ukiigusa kidogo tu, inainamisha bega. Ya mzee haikuwa hivyo. Ile ya mzee ilikuwa inakuonya kwanza."

"Ya mzee ulipanda ukiwa mdogo. Unakumbuka nini?"

"Makalio yangu yanakumbuka," akasema Kicheko. "Nipunguzie mlingoti. Mkono mmoja tu. Au nipunguze tanga."

Timazi alikuwa akinoa tezo, na hakuiacha. Alisema mlingoti ule una urefu ule ule aliotumia baba yao kwa mashua zote, na tanga ni lile lile, na umbo ni lile lile, kwa hiyo kama kuna kilichobadilika ni mkono wa anayeendesha. Alimwambia alegeze kamba ya tanga mapema, aache kuchekesha abiria. Kicheko akaondoka. Baadaye aliwahi kulisema tena jambo hilo mbele ya watu, na Timazi akamjibu mbele ya watu, na walicheka, na Kicheko naye akacheka, maana ndiyo ilikuwa tabia yake. Hakulitaja tena.

Mwaka wa pili, mchana kweupe, ukavuma upepo wa ghafla na mashua ikalala ubavu, isiinuke. Walikuwa wanane. Sita walishika mbao wakaokolewa. Wawili walikufa: Kicheko mwenyewe, na mke wa mwalimu mkuu wa shule, mama aliyekuwa akienda ng'ambo kumtazama dada yake mgonjwa.

Ofisi ya bandari ikaita kikao. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mwalimu alikaa mstari wa mbele, amevaa koti alilofungia ndoa, na mjane wa Kicheko alikaa nyuma kabisa na binti yake mdogo mapajani. Timazi akasimamishwa, maana ndiye aliyeijenga.

"Chombo kilikuwa na kosa lolote?" afisa akauliza.

"Hakikuwa na kosa. Kila kipande nimekipima mwenyewe."

"Basi kosa lilikuwa la nani?"

Ukumbi mzima ulijua aliyekufa ni nani wake. Wengi walitegemea ameze maneno, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliona kwamba hapo ndipo mtu mnyoofu anapopimwa, kwamba akimtetea ndugu yake atakuwa amepindisha. Akasema, "La aliyeshika usukani."

Ikaandikwa hivyo. Uzembe wa nahodha. Watu walitoka wakinong'ona kwamba mtu wa kweli ni yule, hata damu yake haipendelei. Mwalimu alimshika mkono mlangoni, akautikisa muda mrefu. Mjane alipita pembeni yao na mtoto begani. Alimsalimu mwalimu, mwalimu akageuza uso, na tangu siku hiyo hakuwahi kuitikia salamu yake.

Miaka kumi na minne ikapita. Timazi alijenga mashua nyingine kumi kwa vipimo vile vile. Zilisifiwa kwa mbio. Wenye nazo walijifunza tu kukaa macho, wakidhani kila mashua ndogo ndivyo ilivyo.

Ndipo akaja mchoraji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye penseli sikio la kulia na nyingine sikio la kushoto, na kazi yake ilikuwa kusanifu vyombo vya maji kwenye karatasi. Chuo kimoja cha mabaharia kilimtaka asanifu mashua ndogo ya tanga ya mtindo wa zamani, ya kufundishia wanafunzi, na ijengwe na fundi wa zamani. Alikuwa amekwisha kuambiwa fundi mwenyewe ni nani.

"Sitaki kubuni kutoka kichwani," alisema. "Nataka nichukue umbo la mashua bora iliyowahi kutoka hapa, nilichore, kisha wewe ujenge kwa mchoro huo. Ipo yoyote ya marehemu mzee?"

Ilikuwepo moja, nyuma ya karakana, imepinduliwa chini juu, inafunika kuni zisinyeshewe. Mbao zake zilikuwa zimepasuka na rangi imekwisha, lakini mwili ulikuwa haujapinda, maana mzee alijua kuchagua mti. Mchoraji aliishughulikia siku tatu. Alivuta kamba kutoka ncha hadi ncha, akaning'iniza timazi, akapima umbali kila futi mbili, akaandika tarakimu zake kwenye daftari lenye madoa ya mafuta ya taa. Timazi alifurahi kumwona. Mara chache alikuwa amekutana na mtu mwingine anayepima mara tatu.

Alipomaliza, akaomba na kalibu.

Hapa lazima nieleze kidogo, na asiyependa ufundi anivumilie. Mashua huanza na uti wake chini, kisha mbavu. Mbavu hukatwa kwa kufuata kalibu, vibao vyembamba vilivyochongwa umbo la mashua, kibao kimoja kwa kila sehemu ya mwili wake. Juu ya mbavu ndipo hupigiliwa mbao za nje. Sasa, wako mafundi ambao kalibu zao huonyesha umbo la nje, mbao zikiwa zimeshakaa. Hao, kabla ya kukata ubavu, huondoa unene wa ubao. Na wako ambao kalibu zao ni umbo la ubavu wenyewe. Hao hawaondoi kitu. Njia zote mbili ni sawa, na mashua nzuri zimejengwa kwa zote mbili.

Timazi alikuwa na kalibu tisa, zimetundikwa ukutani kwa misumari tisa. Mchoraji akazichora moja baada ya nyingine, akaziongezea ubao wa nje kwa mstari, akazilaza juu ya mchoro wa mashua ya mzee. Ya mzee kwa wino mwekundu, za mwana kwa wino wa bluu. Akamwita Timazi mezani.

"Fundi, njoo uone kitu. Mwanzoni nilidhani nimekosea. Nikadhani labda ya mzee imetanuka kwa uzee. Lakini chombo kikitanuka, hutanuka hapa zaidi, pale kidogo. Hii tofauti ni ile ile kila mahali. Mbele, katikati, nyuma. Za kwako ni nyembamba kwa inchi moja na nusu kila upande. Mlikusudia?"

Timazi aliitazama ile mistari miwili ikitembea sambamba karatasi nzima, kama reli. Inchi moja na nusu. Hakuhitaji rula. Ndio ulikuwa unene wa ubao wa nje, ule ambao alikuwa ameushika mkononi kila siku ya maisha yake.

Alikumbuka yote kwa mpigo, na naomba mtu asiniambie kwamba kumbukumbu hufifia. Zinazotafuta pa kuuma hazififii. Akiwa kijana alipelekwa miaka miwili kwa fundi mwingine, mbali na nyumbani, kujifunza. Kule kalibu zilikuwa za umbo la nje, na kwa kosa la kusahau kuondoa unene wa ubao aliwahi kupigwa fimbo mpaka somo likamwingia mifupani. Akarudi siku chache baada ya baba yake kupigwa na kiharusi. Mzee alikuwa hai lakini ulimi umekufa. Kalibu za ukutani zilikuwa zimeliwa na mchwa, zimebaki kama mkate uliochezewa na panya. Timazi akazinakili kwa uangalifu wote, akachonga mpya, na kabla ya kuchonga akaondoa unene wa ubao. Za baba yake hazikuhitaji kuondolewa kitu. Zilikuwa ni mbavu zenyewe.

Na mzee alikuwa ameletwa kwenye kiti ashuhudie. Alizitazama kalibu mpya zikitundikwa, akaanza kupiga chini kwa mkongojo. Alipiga na kupiga, mate yakimtoka, macho yamemkodoka. Wote waliokuwepo walifurahi. "Mzee anabariki," walisema. "Ona anavyoshangilia." Timazi alipiga magoti mbele yake na kumshukuru, na mzee akampiga na ule mkongojo begani, na watu wakacheka zaidi.

"Fundi?" mchoraji aliuliza. "Mlikusudia?"

"Ndiyo," alisema Timazi. "Tulipunguza ziwe na mbio."

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na kwa hesabu yake mwenyewe huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza.

"Sawa, wengi hufanya hivyo," alisema mchoraji, akikunja mikono ya shati. "Ila hapo lazima na mlingoti mlipunguza. Inchi tatu kwa jumla si kidogo kwa chombo chembamba namna hii. Ukiacha tanga la mwanzo, italala upesi."

Maneno yale yale. Timazi akasema anakwenda kutazama gundi motoni, na alikwenda akasimama nyuma ya karakana, mkono kwenye ubavu wa mashua ya baba yake, hadi mchoraji alipofunga mkoba, akamwachia mchoro mezani, akaenda zake.

Mtu angeweza kusema kwamba inchi tatu hazikumwua Kicheko. Upepo ulikuwa mkali. Hata mashua ya mzee ingeweza kupinduka. Timazi alijiambia hivyo asubuhi, mchana na jioni, na kila mara alipofika mwisho alimsikia mdogo wake akisema mkono mmoja tu, kaka. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ndilo kosa lililoua. Lakini kulikuwa na kosa, na yeye alisimama mbele ya ukumbi mzima akasema hakuna.

Basi alifanya nini? Alifanya vile ambavyo watu wazuri hufanya wakishikwa na woga: alirekebisha kila kitu isipokuwa lile lenyewe. Kati ya mashua zile kumi, saba zilikuwa bado majini. Akachukua msumeno akazifuata, moja baada ya nyingine, hadi kwa wenyewe. Aliwaambia kwamba ameona milingoti ni mirefu kupita haja, anataka kuikata mkono mmoja, kazi ni yake na hataki hata asante. Wenye mashua wakaona ajabu. "Fundi gani huyu," wakaambiana, "anayeifuata kazi yake miaka kumi baada ya kuiuza?" Sifa zikaongezeka, kila sifa ikimchoma. Mkewe alimwuliza ana nini, mbona hali. Akamjibu kwamba meno yanamsumbua. Huo ulikuwa uongo wa pili, au wa tisa. Alikuwa ameacha kuhesabu.

Lakini mtu huyu aliyepima kila kitu alisahau jambo moja ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza hawezi kulisahau. Mlingoti ukifupishwa, tanga nalo lazima lipunguzwe. Na mshona matanga wa ufuko ule alikuwa mmoja tu. Alikuwa mjane wa Kicheko.

Hakuwa mtu wa maneno mengi, shemeji yake huyo. Alikuwa akishona matanga kabla ya kuolewa na aliendelea baada ya kufiwa, ameketi sakafuni kwenye chumba chake cha mbele, turubai limemfunika miguu kama shuka la mgonjwa, kipande cha ngozi kwenye kiganja cha kusukumia sindano. Tanga la kwanza lilipoletwa lipunguzwe, alilipunguza. La pili vilevile. La tatu akauliza ni mashua ya nani, na nani amekata mlingoti. La tano alipoletewa hakulishona. Alilikunja, akaliweka begani, akatembea nalo hadi karakanani.

Timazi alikuwa peke yake. Alipomwona na turubai lile begani, akajua.

"Habari za kazi, shemeji," alisema mjane.

"Nzuri, shemeji. Karibu. Keti."

Hakuketi. Alilishusha tanga juu ya benchi la kazi. "Nimesikia unakata milingoti."

"Upepo wa siku hizi umekuwa mkali. Nimeona..."

"Shemeji." Alisema polepole, kama mtu anayemwita mtoto atoke mahali pa hatari. "Mume wangu aliniomba nimpunguzie tanga. Mkono mmoja. Aliniomba mara mbili. Nikamwambia kaka yako amekataa, na kaka yako ndiye anayejua. Sasa nakuuliza wewe. Kwa nini unakata?"

Timazi alifungua mdomo akasema. Aliyasema yote, ya kalibu na unene wa ubao, ya fundi yule mwingine, ya mkongojo wa mzee, ya mchoraji na wino wake. Aliyasema vibaya, akirudia rudia, akizishusha kalibu ukutani moja baada ya nyingine na kumwonyesha, ingawa mjane hakuzitazama. Alipomaliza alikuwa analia, na hakujificha.

Yeye mjane hakulia. Alishika ukingo wa benchi.

"Unajua sijawahi kwenda kaburini kwake?" alisema. "Miaka kumi na minne. Nilisema mtu aliyeua mke wa mwenzie kwa mzaha, akaniachia mtoto mchanga, simwendei. Nilimlaani, shemeji. Binti yake akiniuliza baba alikuwa mtu gani, nilimwambia baba yako alikuwa mzembe. Nilimwambia mtoto hivyo."

"Nisamehe."

"Sijaja kwa hayo." Alijifuta uso kwa kiganja chenye ile ngozi ya kushonea. "Ulisema mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu."

Asubuhi ya pili yake walikwenda, Timazi na kalibu tisa zimefungwa kamba begani na mchoro umeviringishwa kwapani, mjane hatua kumi nyuma. Ofisi ya bandari ilikuwa katika ukumbi ule ule, ila sasa umegawanywa kwa mbao laini na kila chumba kina foleni yake. Afisa wa zamani alikuwa amekwisha kufa. Karani alimsikiliza Timazi huku akigonga mihuri.

"Faili la miaka kumi na minne limefungwa, mzee. Na wewe ndiye uliyelifunga, si umesema?"

"Nataka kulifungua."

"Halifunguliki. Andika barua."

Akaandika pale pale, kwa mwandiko wake ulionyooka. Karani akaipiga muhuri wa kupokelewa, akaiweka juu ya nyingine. Timazi akageuka awaambie waliokuwa kwenye foleni. Aliwaambia kweli, kwa sauti. Walikuwa watu wa vibali na leseni, wengi wao vijana ambao hawakumjua Kicheko. Mmoja akamwomba asogee, anaziba dirisha.

Wakaenda kwa mwalimu. Alikuwa amestaafu, anaishi peke yake katika nyumba yenye ua safi na picha ya mkewe juu ya redio. Alimpokea Timazi kwa mikono miwili, akamwekea kiti. Mjane alibaki langoni. Akamwamkia mwalimu, na mwalimu akageuza uso, kama miaka yote.

Timazi hakuketi. Alizipanga kalibu chini kwenye saruji, akaukunjua mchoro, akaeleza. Safari hii alieleza vizuri, bila machozi, kama anavyoeleza fundi. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, miwani mkononi.

"Siku ile ya kikao," alisema mwalimu, "nilikuja nikiwa tayari kutomwamini mtu. Nahodha alikuwa ndugu yako. Nilingoja umtetee, niwachukie wote wawili. Hukumtetea. Nikasema, basi huyu ni mtu wa kweli, na neno lake ndilo nililoishi nalo tangu hapo. Leo unaniletea vibao."

"Pima mwenyewe, mwalimu. Rula hii hapa."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, kupima najua. Nipime nini? Kibao ulichochonga wewe, kwa karatasi uliyoileta wewe?"

"Njoo karakanani. Mashua ya marehemu baba ipo."

"Siji." Mwalimu alivaa miwani. Hakuwa na hasira. Ndilo lililokuwa baya zaidi. "Sikulaumu, fundi. Umri umekwenda. Shemeji yako amekulilia, roho imelainika, na damu nzito kuliko maji. Ni jambo jema hata, kumwonea huruma. Lakini katika miaka yote niliyokujua, hili ndilo la kwanza kulisikia kwako ambalo si kweli, na afadhali ungelifanya kwa mtu mwingine. Mimi nilizika mke."

"Ni kweli, mwalimu. Nakuapia."

"Hukuwahi kuapa," alisema mwalimu. "Siku ile hukuapa."

Alimsaidia kuzikusanya kalibu. Alimfungia kamba mwenyewe, fundo zuri, akamsindikiza hadi langoni, na hapo akampita mjane kama nguzo.

Walitembea hadi njia panda. Mjane akasimama. Timazi alisema kwamba atakwenda nyumba kwa nyumba, kwamba atawaambia wenye mashua wote saba, kwamba wapo watakaosadiki.

"Watasema una roho nzuri," alisema mjane. "Watasema unanitafutia heshima. Ulimzika kwa neno moja, shemeji, na wote waliliamini kwa sababu lilikuwa lako. Sasa leta mangapi, hayatoshi."

Hakulisema kwa ukali. Alijifunga kitambaa kichwani, akatazama njia ya kushoto, inayopanda kwenda makaburini.

"Mimi naenda kung'oa majani," alisema. "Yatakuwa yamefika kiunoni."

"Nije nikusaidie?"

"Hapana."

Alipanda peke yake. Timazi alibaki pale njia panda na mzigo wake wa vibao, asijue aende wapi. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli, mwenye mojawapo ya zile mashua saba, alishuka alipomwona, akaishika usukani kwa mkono mmoja na kuinama kidogo.

"Shikamoo, fundi," alisema, kwa heshima ile ile ya siku zote.

Timazi akaitika.